Nyayo zinawaka moto usiku na hospitali siwezi kwenda, nishaurini

NyarDunga:
Wapendwa, habari za jioni. Niko Kisumu, upande wa Mamboleo, miaka 46, mama wa watoto watatu. Tangu mwezi wa tatu nyayo zinaniwaka usiku kama nimekanyaga makaa, na mchana zimekufa ganzi. Juzi nikitoka Kibuye ndara moja ilinitoka mguuni, nikaendelea kutembea bila kujua mpaka mtoto wa jirani akaniita. Nikipanda ngazi napungukiwa na pumzi. Majina ya watu yananipotea. Sukari nimepimwa mara mbili kwa duka la dawa, iko sawa. Nimeshanunua tembe za kuongeza damu na asidi ya foliki. Ninachouliza ni kimoja: nimeze kwa muda gani ndipo nione nafuu? Mambo ya hospitali tuyaache kwanza.

MzeeWaAhero:
Pole sana binti yangu. Hiyo ni sukari, usidanganywe na kile kimashine cha dukani. Kaka yangu alianza hivyo hivyo. Msimu wa kuvuna mpunga alikuwa akiota moto alfajiri, kidole kikaungua hasikii, harufu ndiyo iliyotushtua. Kilikatwa. Rudi upimwe asubuhi kabla hujala.

MuuguziLurambi:
Dada, nimekaa wodini miaka 19. Kabla sijajibu la tembe: unakula samaki au nyama? Unameza metformin, ile dawa ya sukari? Umewahi kufanyiwa operesheni ya tumbo? Na kwa nini hospitali iachwe?

NyarDunga:
Samaki nakula, omena karibu kila siku. Metformin simezi. Operesheni ilikuwepo lakini ni ya zamani, haihusiani na miguu.

MuuguziLurambi:
Ya nini, na mwaka gani?

NyarDunga:
2013. Baipasi ya tumbo, ya kupunguza uzito. Nilifanyiwa India. Nilikuwa na kilo 131, magoti yamekataa kunibeba, nilikuwa nateremka ngazi kinyumenyume. Nilishuka hadi 72, sasa niko 84. Vitamini nilimeza kama miaka miwili nikaacha, maana nilikuwa mzima na kila mwezi ni pesa. Tafadhali msinihukumu.

Mulembe74:
Hakuna anayekuhukumu, dada, ila ukweli lazima usemwe. Mama zetu walilima, wakabeba maji, hakuna aliyekatwa tumbo. Njia ya mkato ina deni lake.

Section58:
Mulembe, wewe hujawahi kuwa na mwili huo, nyamaza. Mimi niko Nakuru, nilifanyiwa ile nyingine, wanaondoa kama asilimia 80 ya tumbo. Nywele zilidondoka miezi ya kwanza zikarudi. Kilichonishinda ni pombe. Zamani bia nne hazikuniyumbisha. Baada ya operesheni moja tu ilitosha, nikaipenda hiyo rahisi yake. Karibu nipoteze kazi. Nina miaka mitatu sijagusa. NyarDunga, unakunywa?

NyarDunga:
Hapana kaka. Hata soda siwezi, moyo unadunda, natoka jasho mpaka nilale.

MuuguziLurambi:
Sasa nisikilize. Vitamini B12 ya kwenye omena haiingii mwilini hivi hivi. Tumbo hutoa asidi ya kuitenganisha na chakula, na tumbo hilo hilo hutengeneza kitu cha kuishika hadi mwisho wa utumbo mwembamba, inakopokelewa. Wewe ulibakishiwa kifuko cha mililita 30 hivi, vijiko viwili vya mezani, na chakula hakipiti tena kwenye sehemu kubwa ya tumbo. Ini huweka akiba ya miaka kadhaa, ndiyo maana ulijiona mzima ulipoacha vidonge. Kipimo ndicho kitakachothibitisha, lakini dalili zako zote zinaelekea kwenye upungufu wa B12. Na asidi ya foliki usiimeze peke yake: damu inaweza kupona kwenye vipimo huku neva zikiendelea kufa kwa kukosa B12. Zikikaa sana huenda zisirudi. Magoti unayatuliza na nini?

NyarDunga:
Diklofenaki, nikizidiwa.

MuuguziLurambi:
Acha leo. Hiyo na Brufen zinaleta vidonda pale kifuko kilipoungwa na utumbo. Tumia parasetamoli, na hospitali ni wiki hii.

NyarDunga:
Ningoje Desemba, nimalizane na karo. Mume wangu huingia nami kwa daktari kila mara, yeye ndiye hueleza.

MzeeWaAhero:
Na aeleze basi, ubaya uko wapi?

NyarDunga:
Hajui. Hakuna anayejua. Nilisema ni uvimbe tumboni. Kanisa lilifanya harambee, chama kikanikopesha, mama mkwe akauza ng'ombe wake wawili waliokuwa wakikamuliwa. Alifariki mwaka juzi akiniombea huo uvimbe usirudi. Sasa niseme nini?

TukoMacho:
Jamani mnatungiwa hadithi. Vijiko viwili halafu kilo 84? Na omena kila siku? Harambee ya kanisa gani inampeleka mtu India?

Mulembe74:
Hata mimi nilianza kushuku. Ng'ombe wawili ndio walinishinda.

NyarDunga:
Harambee haikutosha, ndiyo sababu ya deni la chama, nililimaliza 2017. Nina makovu matano madogo, si mshono mmoja mrefu. Nilimwambia mume wangu siku hizi uvimbe hutolewa hivyo. Omena nakula kiganja kimoja na ugali wa kupimia kijiko. Kama ningetunga, ningetunga kitu cha kunipa sifa.

Section58:
TukoMacho, kifuko hutanuka na miaka. Mimi nimerudisha nusu ya kilo nilizopoteza. Hiyo ya makovu ni kweli tupu.

MuuguziLurambi:
Kesi ya ng'ombe si ya wiki hii. Sheria ya Afya ya 2017 inalinda siri ya mgonjwa, mume akiwa mmoja wa wasioambiwa bila idhini yako. Mlangoni mwambie muuguzi unataka kuingia peke yako, sisi tunajua la kufanya. Daktari mtajie "baipasi, 2013, vitamini niliacha". Aangalie B12, madini ya chuma na kalisi. Ikiwa ni B12 iliyopungua utachomwa sindano, mwanzoni kwa karibu, baadaye kwa vipindi, maisha yako yote.

MzeeWaAhero:
Nenda binti yangu. Kaka yangu alichelewa.

NyarDunga:
Alhamisi mume wangu ana kazi Bondo. Nitaenda asubuhi kwa boda kabla hajarudi. Hiyo sindano inauma?

MuuguziLurambi:
Kidogo. Ulegeze bega.