Ushauri: Wazuh, Ubuntu zote zimekatika, Windows zipo hewani

Kichaka_Kavu
Wakuu, heshima kwenu. Nasimamia Wazuh (mfumo wa kufuatilia usalama wa kompyuta) kwenye taasisi yenye Ubuntu 140 na Windows 60. Tangu jana asubuhi Ubuntu zote zinaonekana zimekatika kwenye dashibodi, Windows ziko poa. Sijagusa chochote. Usiku huu nataka nipige purge (kufuta kabisa) ajenti zote, yaani programu ya Wazuh iliyo kwenye kila mashine, kwa Ansible (zana ya kutuma amri kwa mashine nyingi kwa mpigo), nizisimike upya. Mnaonaje? Ijumaa wanakuja wakaguzi.

Baharia wa Seva
Anza na firewall. Bandari 1514 TCP ni ya mawasiliano, 1515 ya kuandikisha ajenti mpya. Piga `nc -zv` (inapima kama bandari iko wazi) kwenda kwa meneja, yaani seva kuu ya Wazuh, kutoka Ubuntu moja. Mara nyingi ni mtu wa mtandao kafunga 1514 akaenda zake likizo.

Chumvi Kidogo
Mashine 140 kwa mpigo, usiku, wakaguzi wako mlangoni! Julai 19, 2024 haikutufunza kitu? CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, walisambaza faili moja bovu, Windows milioni 8.5 zikaanguka. Mafundi wakahangaika na mashine moja moja, kuingia safe mode na kufuta faili la C-00000291. Wenye BitLocker (diski zilizofungwa kwa usimbaji) walianza kwa kusaka funguo.

Nyundo_na_Logi
Chumvi, lile lilikuwa faili la maudhui (data za kutambua vitisho), si toleo jipya la programu. Hata waliozuia matoleo mapya liliwafikia. Tusichanganye mambo.

Kichaka, leta mistari ya mwisho ya `/var/ossec/logs/ossec.log`, majibu ya `apt policy wazuh-agent` (apt ndiyo inayosimika programu kwenye Ubuntu), na toleo la meneja. Purge usiiguse: inafuta client.keys (faili la utambulisho wa ajenti), mashine zinajiandikisha kwa namba mpya, na vikundi ulivyopanga kwa mkono vinapotea.

Kichaka_Kavu
Logi inadai toleo la ajenti liwe sawa na la meneja au chini yake. Meneja 4.7, ajenti 4.9. Zilijipandisha zenyewe usiku.

Mtaa wa Pili
Chai hii. Unattended-upgrades ya Ubuntu (inayosasisha programu yenyewe), ukiiacha ilivyo, inachukua masasisho ya usalama ya Ubuntu wenyewe, haigusi hazina ya nje (seva ya kupakulia programu) kama packages.wazuh.com. Hakuna ajenti inayojipandisha yenyewe. Jamaa katunga mkasa tumjazie uzi.

Bi Terminal
Au ni swali la intavyuu, tunamfanyia mtihani wake 😂

Mtaa wa Pili
Athibitishe basi: `grep -i wazuh /etc/apt/apt.conf.d/50unattended-upgrades`. Tunasubiri.

Kichaka_Kavu
Mstari wa hazina ya Wazuh upo, niliuongeza mimi mwezi uliopita. Na sioni ubaya wake, ripoti ya udhaifu ilikuwa inalalamika kila wiki kwamba ajenti zimepitwa na wakati. Halafu dawa nimeshaipata: `allow_higher_versions` (inaruhusu ajenti za toleo la juu kuliko la meneja) nikiiweka yes kwa meneja, zinarudi zote. Nimeshaandika, bado kuwasha upya tu.

Mtaa wa Pili
"Sijagusa chochote." Haya.

Nyundo_na_Logi
Hiyo ni plasta ya kukufikisha Ijumaa, usiizoee. Meneja wa zamani na ajenti mpya ni jozi ambayo watengenezaji hawaiungi mkono.

Toa ule mstari, kisha `apt-mark hold wazuh-agent` (apt isiipandishe) kwenye zote 140, na hazina ya Wazuh izime hadi utakapoihitaji. Piga snapshot (nakala ya hali ya sasa) ya seva. Pandisha indexer (inayohifadhi data) kwanza, halafu meneja na Filebeat (inayopeleka data kwa indexer), dashibodi mwisho, zote toleo moja lisilo chini ya la ajenti. Ukimaliza, ile yes irudishe no.

Windows zimepona kwa sababu hazipitii apt. Hizo zipandishe kutoka kwa meneja: `/var/ossec/bin/agent_upgrade -l` itakuonyesha zilizobaki nyuma, chagua tano kwa `-a` na namba zake, zikirudi hewani endelea. Meneja ndiye anayepakua kifurushi cha WPK (cha kupandishia ajenti) na kukituma kupitia 1514, kwa hiyo mashine za tawini, kama mna matawi, hazihitaji intaneti, ila laini nyembamba itabanwa. Huko fanya jioni. Ikigoma, soma upgrade.log kwenye folda ya upgrade ndani ya ossec-agent, na uangalie nafasi ya diski.

Swali moja: hiyo yes umeiandika kwenye `<remote>` au `<auth>`?

Kichaka_Kavu
`<auth>`.

Nyundo_na_Logi
Hiyo ni ya kuandikisha tu, na ajenti zako zimeshaandikishwa. Iweke ndani ya `<agents>` kwenye `<remote>`, ndipo uwashe upya.