Naomba ushauri: nahau "the ball is in your court" hutumiwaje kwa adabu?

Ndugu zangu, naomba msaada kuhusu nahau ya Kiingereza "the ball is in your court", ambayo mteja wetu wa Uingereza alifungia barua pepe yake wiki iliyopita, baada ya kuikataa bei yetu ya korosho na kupendekeza ya kwake. Mwenzangu ofisini aliitafsiri "mpira uko mahakamani kwako", akadhani tunashtakiwa, kwa kuwa neno "court" ni mahakama na pia ni uwanja wa tenisi, na huko kwenye tenisi ndiko nahau ilikotoka: mpira ukishavuka wavu, zamu ya kuupiga ni yako. Maana hiyo naielewa. Kinachonitatiza ni adabu yake. Je, naweza kumwandikia hivyo mkurugenzi wangu, au atahisi kwamba namsukuma? Kwa Kiswahili nimefikiria "kazi kwako", lakini masikioni mwangu ina kejeli kidogo, kama maneno ya mtu aliyekwisha kunawa mikono. "Uamuzi sasa ni wako" ina heshima, ila ladha yote ya mchezo imepotea. Mliozoea kuandikiana na wateja wa nje, ninyi huandikaje?