Mrejesho: protini za matone ya mafuta ya ufuta

Habari wakuu, hapa Arusha. Niliuliza kwa nini jeli yangu ya ufuta (jeli ya kutenganisha protini kwa ukubwa) inajaa protini za akiba za mbegu badala ya oleosini, protini inayofunika matone ya mafuta. Aliyesema nioshe tabaka linaloelea kwa urea molari 8 ndiye aliyeniokoa, asante sana! Bafa (myeyusho wa kuoshea) ya sukari peke yake haitoshi, globulini, yaani hizo protini za akiba, hung'ang'ania matone. Sasa utando wa juu baada ya sentrifuji (mashine ya kuzungusha kwa kasi) ni mweupe kama malai. Nikatoa mafuta kwa asetoni baridi, na jeli ya asilimia 15 ikaonyesha mistari safi: kilodaltoni (kipimo cha uzito wa protini) 15 na 17 ni oleosini, na 27, hafifu, ni kaleosini, protini nyingine ya matone. Steroleosini, ya tatu, karibu 39, sijaiona.

Tripsini, kimeng'enya cha kukata protini ili zitambuliwe, imegoma: hukata penye lisini au arijinini (asidi amino), na katikati ya oleosini karibu hamna, peptidi (vipande vya protini) zikawa chache mno. Najaribu kimotripsini, kimeng'enya kinachokata sehemu nyingine, kama mdau wa Moshi alivyoshauri.