Rimoti ya infraredi kugoma kwenye Kodi: tupeane uzoefu

FundiWaya: Wakuu, kuna watu wanafuta Kodi (ile programu ya filamu na muziki) nzima na kuisakinisha upya kwa ajili ya rimoti, kumbe betri zimechoka. Tuweke hapa yaliyotukuta. Naanza: washa kamera ya mbele ya simu (ya nyuma mara nyingi ina kichujio), ielekezee rimoti, bonyeza kitufe. Ukiona nukta ya zambarau inametameta, rimoti inatoa mwanga. Hamia kwenye sensa, yaani kipokezi cha mwanga huo.

Pini12: Hapo kwenye sensa ndipo wengi wanapopotea. Sensa ya TSOP4838 ikikutazama, miguu kuanzia kushoto ni data, ardhi, umeme. Sensa nyingine ardhi na umeme zimebadilishana, na ukikosea inapata moto papo hapo, kwa hiyo soma karatasi yake ya maelezo (datasheet) kwanza. Kwenye Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya kibao kimoja): data pini ya 12 (GPIO18, pini ya mawasiliano), ardhi pini ya 6, umeme pini ya 1 (volti 3.3). Ndani ya config.txt, faili ya mipangilio ya Pi, weka dtoverlay=gpio-ir,gpio_pin=18, kisha washa upya. Maelekezo ya zamani ya lirc-rpi (kiendeshi cha zamani cha kazi hiyo hiyo) achaneni nayo.

Masafa38: Umeme chukua pini ya 2, volti 5, ndiyo isome kutoka mbali.

Pini12: Usimpoteze mtu, mkuu. Sensa hiyo inaridhika na volti 2.5 hadi 5.5. Ukiipa 5, mguu wa data nao unapanda kuelekea 5, na GPIO mwisho wake ni 3.3.

Masafa38: Zipo zinazodumu hivyo hivyo.

Pini12: Zinadumu kwa sababu rezista ya ndani ya sensa inabana mkondo. Zile zilizokwisha kulehemewa kwenye kibao huongezewa rezista ndogo zaidi, ulinzi huo unapungua. Masafa yakiwa mafupi, weka rezista ya ohm 100 kwenye waya wa umeme na kapasita ya 0.1 µF au zaidi kati ya umeme na ardhi, karibu kabisa na sensa.

MishaleTu: Kuna moja inayotesa kuliko zote. Kompyuta ya Linux inayotumia X11 (mfumo wa kuonyesha madirisha na kupokea vitufe): mishale inafanya kazi, sauti inapanda na kushuka, lakini OK, namba, INFO na vitufe vya rangi vyote kimya. Unapiga `ir-keytable -t`, amri ya kupima rimoti, kila kitufe kinaonekana. Unafungua remote.xml, faili ya vitufe ya Kodi, unahariri usiku kucha, hola. Sababu ni kwamba X11 haipitishi kitufe ambacho namba yake kwenye kerneli (kiini cha Linux) inazidi 247. KEY_OK ni 352, KEY_INFO 358, KEY_RED 398, namba za rimoti zinaanzia 512. Mishale iko chini ya 110, ndiyo maana inapita. Dawa: nakili faili ya rimoti yako kwenda /etc/rc_keymaps, badilisha KEY_OK iwe KEY_ENTER, KEY_NUMERIC_1 iwe KEY_1, INFO iwe KEY_I, kisha `ir-keytable -c -w` na njia ya faili. Ili idumu, iandike pia kwenye /etc/rc_maps.cfg. Kodi usiiguse.

Zambarau: Hiyo ya OK, kweli tupu!

Kimyakimya: MishaleTu umeokoa watu. Na ikibofya mara mbili kila ukigusa?

FundiWaya: Ongeza muda wa kurudia kwa `ir-keytable -D` na `-P`.

MishaleTu: Hapana, hiyo inaficha tu. Kubofya mara mbili mara nyingi ni lircd (programu nyingine ya kusoma rimoti) na kerneli kusoma rimoti moja kwa pamoja. Zima lircd kwanza, ndipo upime. Muda wa kurudia ni kwa kitufe kinachokimbia ukikishikilia.

Zambarau: Au tumieni HDMI-CEC (rimoti ya TV inaongoza mashine kupitia kebo ya HDMI) muachane na waya za sensa.

Masafa38: Kama TV na mashine vyote vinaikubali. Kompyuta nyingi za mezani hazina.

Pini12: Wa LibreELEC (Linux iliyotengenezwa kwa ajili ya Kodi tu), kabla ya kupima simamisheni kwanza Kodi na kisoma rimoti chake: `systemctl stop kodi`, halafu `systemctl stop eventlircd`, ndipo `ir-keytable -p nec,rc-5,rc-6,sony -t`. Msipofanya hivyo skrini inabaki tupu na mtailaumu sensa bure. Faili zenu zinakaa /storage/.config/rc_keymaps.