Pini za utambi zinang'ang'ania ndani ya mishumaa ya glasi, nakosea wapi?

NtaNaUtambi (Moshi)

Wapendwa, habari za jioni. Naomba msaada wa haraka. Tarehe 2 Novemba, siku ya kuwaombea marehemu wote, iko mlangoni na nina oda ya mishumaa 200 ya makaburini na ya groto ya Bikira Maria parokiani kwetu.

Natengeneza ile mifupi minene, urefu sentimita 5 hivi, inayokaa ndani ya glasi ndogo. Anayeijua atanielewa: ukishawaka unayeyuka wote ndani ya glasi yake, kwa hiyo utambi usipokaa katikati, kazi yote imeharibika. Mwaka jana nilikuwa naufunga utambi kwenye kijiti cha mshikaki, nakilaza juu ya kalibu, nangoja nta igande. Nikigeuka kumwangalia mtoto, utambi umeshainama. Mmoja wa hiyo niliuwasha kwenye kaburi la baba yangu. Ukaungua upande mmoja, glasi ikapata moto mahali pamoja ikapasuka, na nta ya upande wa pili ikabaki imesimama kama ukuta. Iliniuma sana. Watu wananunua mishumaa hii kwa ajili ya wafu wao.

Ndipo nikajifunza habari za pini. Ni chuma chembamba chenye kitako bapa. Unakisimamisha ndani ya kalibu, unamimina nta kukizunguka, ikiganda unakichomoa na kupitisha utambi kwenye tundu lililobaki. Za dukani sikuzipata hapa Moshi, nikampelekea fundi wa kuchomelea misumari 12 ya nchi 3 na washa 12 (vile visahani vya chuma vyenye tundu katikati) zinazoenea chini ya kalibu zangu. Akazichomelea vizuri, zinasimama wima kabisa. Picha nimeweka hapo chini.

Juzi usiku nikamimina 12, nusu parafini nusu nta ya nyuki, nikaiacha hadi asubuhi. Mishumaa ilitoka kwenye kalibu bila shida, lakini pini zimegoma. Nimevuta kwa plaizi hadi mkono ukafa ganzi. Mishumaa mitano imepasuka kuanzia chini kwenda juu. Saba pini zimetoka, ila tundu ni pana, utambi unacheza ndani. Nikawasha mmoja nijaribu: robo saa tu, utambi ukalala upande na kuzama.

Nirudie vijiti vya mshikaki au kuna kitu sikijui?

DadaWaParafini (Dar)

Pole dada yangu. Usirudi kwenye vijiti, uko karibu sana kupatia.

Nimekuza picha yako. Angalia msumari pale chini ya kichwa, karibu na washa. Unaona vile vimistari vilivyokatwa kuzunguka chuma, kama sentimita moja hivi? Vimewekwa kiwandani makusudi ili msumari ushike mbao usitoke. Sasa na nta yako inashikwa vilevile. Ndiyo maana mishumaa yako imepasuka kuanzia chini: pale ndipo meno yalipo. Pini ya dukani ni laini mwanzo hadi mwisho na huwa inachongoka kidogo kuelekea juu, ili ikisogea tu iachie.

La pili ni muda. Nta ikipoa inasinyaa. Pembeni inaachana na kalibu, lakini katikati inazidi kuikumbatia pini. Usiku kucha ni mrefu mno. Mimi natoa mshumaa ukiwa umeshika kabisa lakini ukiubeba kiganjani unasikia bado una joto la mbali, kama yai lililochemshwa zamani kidogo.

La tatu, usivute. Geuza mshumaa juu chini, ncha ya pini iguse kibao cha kukatia mboga, halafu kandamiza kwa viganja viwili taratibu. Pini itasukumwa kutokea chini, utasikia "tk" ndogo imeachia, hapo unaichomoa kwa vidole. Kwa njia hii lazima ncha itokeze juu ya nta na iwe butu, kwa hiyo fundi akuparie ile ncha ya msumari.

Kabla ya kumimina, pitisha kitambaa chenye mafuta ya kula kidogo kwenye pini. Kidogo kweli, kiwe kama kimefutwa, maana mafuta yakizidi mshumaa unatoka na mabaka.

Ochieng_Mishumaa (Nairobi)

Mimi huwa situmii pini kabisa. Nachukua utambi ulio na kibati chake, kile kipande bapa cha bati kinachoshika mwisho wa utambi, nadondosha tone la nta moto chini ya kalibu, nagandisha kibati hapo, nasubiri dakika mbili halafu namimina. Haina gharama.

DadaWaParafini (Dar)

Ochieng, kwa mishumaa kumi inafaa, nami nilianza hivyo. Ila ukimimina nta ya nyuzi joto 75 au 80, lile tone linalainika tena na kibati kinateleza bila wewe kuona. Mtu mwenye oda ya 200 hawezi kukesha anaangalia kila utambi.

MrinaAsali (Tabora)

Binti, umeambiwa vyema habari ya msumari. Mimi niongezee upande wa nta, maana nimeishi nayo tangu mizinga ya magome ya baba yangu.

Nta ya nyuki ina asili ya kunata. Ndiyo sifa yake na ndiyo taabu yake. Inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 na ikipoa hainyauki kwa ukavu kama parafini, inashika kila inachokigusa. Nusu kwa nusu ni nyingi kwa mtu anayejifunza pini. Anza na sehemu moja ya nta ya nyuki kwa tisa za parafini. Harufu utaipata, na rangi ya manjano kidogo itabaki. Ukitaka mshumaa mgumu unaoachia kalibu vizuri, ongeza stiariki, ile ya unga au vipande vyeupe wanayouziwa watengeneza sabuni na losheni, gramu 100 kwa kila kilo.

Jambo ambalo wengi hawalijui: nta ya nyuki haipatani na chuma kitupu wala shaba. Inachafuka rangi, inakuwa ya kahawia iliyochoka. Misumari hiyo ikianza kutu, tundu la mshumaa litakuwa na weusi. Tumia chuma kisichoshika kutu. Sufuria ya aluminiamu haina neno, na iwekwe ndani ya sufuria nyingine yenye maji, isikae juu ya moto wenyewe. Nta ikishika moto, usimwagie maji hata tone, funika na mfuniko.

Kuhusu upana wa tundu: msumari wa nchi 3 ni mnene mno. Nenda kwa fundi baiskeli, muombe spoku zilizotolewa kwenye magurudumu mabovu. Ni laini, chagua zisizoshika kutu, na unene wake ni kama milimita 2. Nenda na utambi wako mkononi, ulinganishe hapohapo.

NtaNaUtambi (Moshi)

Shikamoo mzee wangu, na asanteni wote. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilikuwa kazini kweli.

Fundi baiskeli wa kona ya sokoni kanipa spoku kumi na mbili bure. Zimekatwa sentimita 7, ncha zimesuguliwa kwa msasa, nyingine nimezisugua mwenyewe hadi kidole kinateleza. Washa ni zilezile, tumezibandua kwenye misumari.

Mchanganyiko ni kama alivyosema mzee. Nikamimina kwa nyuzi 78. Baada ya kama saa moja pakatokea kashimo kuzunguka kila pini. Sikulijaza juu kwa juu. Nikapasha tena nta hadi 83 na kumimina mara ya pili, nikaishia chini kidogo ya mstari wa mwanzo. Jana nilipita mstari huo kwa mmoja, nta ikateremka pembeni na kufanya ganda jembamba la pili.

Nilipogeuza wa kwanza na kukandamiza kwenye kibao, nikasikia hiyo "tk". Dada, nilipiga kelele hadi jirani akaja. Kumi na moja zimetoka safi, ya kumi na mbili ilinata kwa sababu niliisahau kupaka mafuta.

Utambi wangu ulikuwa laini na haupiti tundu jembamba, unajikunja. Nikauchovya kwenye nta, nikaunyoosha ukiwa na moto na kuuacha ugande kama njiti. Sasa unapita kutokea chini hadi juu, na kibati kinakaa ndani ya alama iliyoachwa na washa kama kimepimwa. Kisha nagusisha kitako cha mshumaa kwenye kikaango cha uvuguvugu, sekunde mbili tu. Nta inalainika, inashika kibati, utambi hauchezi tena.

Nimewasha mmoja ndani ya glasi saa 12 jioni. Dimbwi la nta limegusa glasi pande zote karibu kwa wakati mmoja, na utambi bado umesimama katikati saa hii ninapoandika, saa 3 usiku.

Pini 12 hazitoshi kwa mishumaa 200. Nimemwachia fundi spoku nyingine 24, kasema nizifuate kesho kutwa asubuhi.