Kona ya chini kulia ya fumbo la Jumapili imegoma. Nifute neno lipi kwanza?

Mdau wa Nyegezi

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa fumbo la maneno la gazeti la wikiendi, lile kubwa la visanduku 15 kwa 15. Sehemu nyingine zote zimekaa, imebaki kona ya chini kulia. Sitaki kutajiwa majibu tu, nataka kujua mtu mzoefu anafikirije akikuta kona imejifunga hivi.

Hali yenyewe ni hii:

17 mlalo, "Mahali pa kujibanza adui asikuone", visanduku 7: MAFICHO. Hili nina uhakika nalo.
18 wima, "Ugali, kwa mfano", visanduku 7: linaanzia kwenye C ya MAFICHO. Tupu.
20 mlalo, "Samaki wa ziwani", visanduku 4: FURU. Herufi yake ya pili ni ya tatu ya 18 wima.
21 wima, "Nusurika", visanduku 5: linaanzia kwenye herufi ya mwisho ya 20 mlalo na kushuka pembeni kabisa hadi chini. Tupu.
22 wima, "Tanganyika, kwa mfano", visanduku 4: NCHI.
24 mlalo, "Vyombo vya kuvushia watu na magari", visanduku 6: KIVUKO, lakini I yake inagongana na C ya NCHI.
26 mlalo, "Shika hatamu", visanduku 6: tupu. Ndiyo mstari wa mwisho.

Nifute NCHI au KIVUKO? Au tatizo liko kwingine?

Mwalimu wa Mafumbo, Kirumba

Karibu, ndugu. Usifute chochote bado. Maneno mawili yakigongana, mtu hukimbilia kuuliza lipi kati yake ni bovu, kumbe ushahidi uko kwenye maneno ya jirani ambayo bado ni matupu. Anza na hayo.

Kiswahili kinakupa kitu ambacho mafumbo ya Kiingereza hayana: karibu kila neno linaishia na irabu. Ukiacha majina kama Sudan au Iran, ukiona neno linaishia na konsonanti kwenye jedwali, lishuku. Sasa tazama safu ya mwisho kulia. Kila neno la mlalo linaloishia pale linaacha irabu. Kwa hiyo 21 wima, ambalo lote limesimama kwenye safu hiyo, lazima liwe na irabu kila mahali linapokutana na mlalo: kisanduku cha kwanza, cha tatu na cha tano. Hata kabla ya kufikiria maana, unajua lina umbo la irabu, konsonanti, irabu, konsonanti, irabu. ONDOA haliwezi kukaa hapo. ONGEA pia haliwezi.

Jambo la pili ni mnyambuliko. Mtungaji makini hulinganisha kidokezo na jibu. "Nusurika" ina -KA ya kutendeka, basi weka KA mwishoni mwa 21 wima kwa penseli nyepesi. Kidokezo kingekuwa "Saidiana" ungeweka NA. Kingekuwa "Pigwa" ungeweka WA. Hapa unajaza visanduku viwili bila kulijua neno.

Tuna irabu, konsonanti, irabu, K, A. Hapo ndipo samaki anapoingia. Samaki wa ziwani wenye herufi 4 si mmoja: kuna FURU, MUMI na SATO. Kwa FURU, 21 wima linaanza na U, nalo neno lipo: UMUKA. Kwa MUMI linaanza na I: INUKA. Kwa SATO linaanza na O: OKOKA. Yote matatu yanakaa vizuri kwenye jedwali, lakini unga wa maandazi ndio unaoumuka, na anayeinuka si lazima awe amenusurika. Anayenusurika ameokoka. Tena herufi ya tatu ya 21 wima ndiyo ya mwisho ya 24 mlalo, na KIVUKO lako linaishia na O. UMUKA na INUKA zina U pale, OKOKA lina O. Basi samaki ni SATO.

Sasa rudi 18 wima. C ya Kiswahili sanifu haisimami peke yake, inafuatwa na H. Baada yake A ya SATO, halafu kisanduku cha tano ni U ya KIVUKO. CHA_U__, na ugali ni mfano wake: CHAKULA. Ukiwa na FURU ungekuwa unahangaika na CHU_U__, ndiyo maana kisanduku kilibaki kitupu.

Umeona kilichotokea? CHAKULA imethibitisha U ya 24 mlalo na OKOKA imethibitisha O yake. Neno hilo lina mashahidi wawili, NCHI haina hata mmoja. Futa NCHI.

Mdau wa Nyegezi

Nimekupata, mwalimu. Ila Tanganyika ilikuwa nchi hadi ilipoungana na Zanzibar 26 Aprili 1964. Kidokezo hakikosei.

Mwalimu wa Mafumbo, Kirumba

Hakikosei, na ndiyo sifa ya kidokezo kizuri cha wikiendi: kinafungua milango miwili yenye visanduku sawa. Maneno "kwa mfano" yanakwambia utafute kundi ambalo Tanganyika ni mmojawapo. Makundi ni mawili, nchi na ziwa, na yote yana herufi 4. Kidokezo peke yake hakiwezi kuamua, jedwali ndilo linaamua. Herufi ya pili ni I, kwa hiyo ni ZIWA.

Kumbuka alama hiyo popote utakapoiona. "Ugali, kwa mfano" inaomba kundi. "Aina ya chakula" ingeomba kitu kimoja ndani ya kundi, kwa mfano ugali wenyewe. Watu wengi hugeuza hizo mbili na kupoteza nusu saa.

Kwa 26 mlalo sasa una A tatu: _A_A_A. Herufi hizo zinakubali SALAMA, HARAKA, BARAZA, SADAKA na TAWALA, pengine na mengine. Usichague kwa sikio. Kidokezo ni kitenzi kisicho na KU, basi jibu nalo ni kitenzi kisicho na KU. Nomino zote zinaanguka, linabaki TAWALA. Kingeandikwa "Kushika hatamu", jibu lingekuwa KUTAWALA na visanduku vingekuwa 8.

Mama Igoma

Naongezea moja ambalo halijatajwa, na kwangu ndilo la hatari kuliko yote. Mdau, 24 mlalo si KIVUKO. Kidokezo kinasema "vyombo", wingi. Jibu ni VIVUKO.

Angalia kwa nini kosa hili lingepita hadi mwisho. Jedwali la namna hii lina visanduku vingi vinavyotumika na neno moja tu. Herufi ya kwanza ya 24 mlalo ni mojawapo: hakuna wima linalopita pale. K au V, hakuna jirani atakayelalamika. Ungelijaza jedwali lote, ungelipeleka, na ungekosa kwa herufi moja. Kwa hiyo ukimaliza, pitia visanduku vya upweke peke yake, kimoja kimoja, ukisoma kidokezo chake upya. Vile vinavyokutana na maneno mawili vimeshajikagua vyenyewe.

Tahadhari nyingine hapohapo: kinachorithiwa na jibu ni umoja au wingi, ngeli hairithiwi. "Chombo cha kusafiria majini" kinaweza kuwa MELI, MASHUA au MTUMBWI, na hakuna hata kimoja kinachoanza na CH au KI. "Vyombo vya kusafiria majini" kinaweza kuwa MITUMBWI, na kinaweza kubaki MELI, maana MELI haibadiliki. Ukiona wingi, andika pembeni VI, MI, MA, WA na "bila kiambishi", kisha ngoja herufi ya pili ichague.

Kona yako ikikamilika inasomeka hivi, kuanzia mstari wa sato:

■ ■ S A T O
■ Z ■ K ■ K
V I V U K O
■ W ■ L ■ K
T A W A L A

Kijana wa Capri Point

Mama Igoma, shikamoo. Hilo la visanduku vya upweke ni tofauti kubwa na mafumbo ya Kimarekani. Kule kila herufi inakutana na maneno mawili, kwa hiyo KIVUKO ingeshikwa na wima. Wanaojaribu lile la New York Times wajue kwamba Jumatatu ndilo jepesi, linapanda ugumu hadi Jumamosi. La Jumapili ni kubwa, visanduku 21 kwa 21, ila halishindi la Jumamosi kwa ugumu. Fumbo la kwanza la aina hii lilitungwa na Arthur Wynne kwenye New York World, 21 Desemba 1913, nalo lilikuwa na umbo la almasi.

Swali langu: kwa nini tusianze na maneno marefu? Nimesoma ushauri huo mara nyingi.

Mama Igoma

Marahaba, mwanangu. Kwa Kiswahili siupendi ushauri huo kwa mafumbo magumu. Neno refu kwetu huwa limejengwa na viambishi vingi, na ukikosea kiambishi kimoja cha katikati umechafua njia tano. Mimi naanza na safu ya mwisho kulia na mstari wa chini, pale irabu zinapojipanga, halafu maneno ya visanduku 4 na 5. Marefu yanajifungua yenyewe yakishapata irabu tatu nne.

Mwalimu wa Mafumbo, Kirumba

Hapo tunatofautiana kidogo, mama. Neno refu lenye kidokezo cha jina la mahali au la mtu ni salama kuanza nalo, kwa kuwa jina halina mnyambuliko. Refu la kitenzi ndilo la kuahirisha.

Kwa sisi wa huku ziwani kuna akiba ambayo watungaji wanaipenda, na inafaa kuwa nayo kichwani kwa idadi ya herufi. Samaki wa 4 nimeshawataja. Wa 5: DAGAA, NEMBE, NINGU. Wa 6: PEREGE, GOGOGO. Wa 7: SANGARA, KAMBARE, KAMONGO, na hapa sangara anatambulika kwa kidokezo cha samaki aliyeletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950. Visiwa: KOME 4, UKARA 5, UKEREWE 7, RUBONDO 7. Mito: MARA 4, KAGERA 6, SIMIYU 6. MARA ni ya kuchunga, kwani ni mto, ni mkoa, na ni neno la kawaida kama katika "mara moja".

Mdau wa Nyegezi

Asanteni sana. La mwisho: tahajia. Ng'ombe anachukua visanduku vingapi? Na maneno yenye DH na TH?

Mama Igoma

NG'OMBE ni 6, kwa kawaida king'ong'o hakipewi kisanduku. CH, SH, DH, TH, GH na NY kila moja ni visanduku viwili. Irabu mbili zinazofuatana, kila moja na chake: DAGAA ni 5, CHOO ni 4.

Kuhesabu visanduku kunakusahihisha matamshi. Kinachochimbwa Geita kikiwa na visanduku 7, ni DHAHABU. Ukipata 6 umeandika "zahabu". THAMANI ni 7, "samani" ni 6 na ni neno lingine kabisa. GHALA ni 5. Hatari iko kwenye L na R, ambazo wengi wetu Kanda ya Ziwa tunazibadilishana tukizungumza, maana idadi haibadiliki na hesabu haikusaidii. Hizo zifungulie kamusi kila mara: Kamusi ya Kiswahili Sanifu au Kamusi Kuu ya BAKITA ya mwaka 2015. Nomino utafute kwa umoja. Ukisaka "vivuko" hutaikuta, nenda K.

Kuhusu konsonanti zinazofuatana, kabla ya B mara nyingi utakuta irabu au M. Kabla ya D, J au Z, irabu au N. Zikija jozi za ajabu kama BD, FT, SK au SP, usiogope, waza neno la mkopo: LABDA, DAFTARI, ASKARI, HOSPITALI.

Mwalimu wa Mafumbo, Kirumba

Na penseli iwe laini, 2B. Karatasi ya gazeti ni nyembamba, HB iliyochongwa sana inaikwaruza, na ukifuta mara mbili pale pale kisanduku kinatoboka. Herufi ya kukisia iandike ndogo kwenye pembe ya kisanduku, ya uhakika iandike kubwa katikati. Kwenye kona yako, FURU, NCHI na KIVUKO zingekuwa ndogo pembeni, ungeona mara moja kwamba neno pekee lililosimama katikati ni MAFICHO, na kwamba kazi inaanzia kwenye ile C.