Simu ya video inaunganika, lakini picha ya wenzetu haiji

Swali: Wakuu, kifaa chetu cha H.323 (kanuni za simu za video kwenye mtandao) kipo nyuma ya ruta, anwani 192.168.1.50. Simu ikipigwa wenzetu wanatuona. Sisi tunabaki na skrini nyeusi. Mlango (port) 1720 wa TCP, moja ya njia za kusafirisha data, uko wazi.

Jibu 1: Mkuu, 1720 inaanzisha simu tu. Kifaa kinawatajia wenzenu 192.168.1.50, anwani isiyofikika kupitia intaneti, hivyo picha yao inapotelea njiani. Kwenye mipangilio ya NAT (kubadilisha anwani ya ndani kuwa ya umma) ya kifaa andika anwani yenu ya umma, kisha safu ya milango ya TCP na UDP iliyowekwa kwenye kifaa ifungue vilevile kwenye ruta. UDP, njia inayobeba picha na sauti, ndiyo inayosahaulika sana!

Jibu 2: Zima pia H.323 ALG ya ruta (sehemu inayobadilisha anwani ndani ya ujumbe wa simu), isije ikabadilisha anwani ambayo kifaa kimeshaibadilisha.

Muulizaji: Asanteni. UDP ilikuwa imefungwa kweli.